Mtambo wa maji: maswali matatu kabla ya makofi

Wazee wetu, mama zetu, vijana wenzangu wa Isiolo, leo simtaji mtu wala chama. Nataka tuongee kuhusu ahadi moja tunayoisikia kila msimu wa kura: "Nitawaletea mtambo wa kusafisha maji." Tunapiga makofi, gari linaondoka. Sasa tuulize.

Kwanza, mtambo gani? Kuna chujio la utando lenye vitundu vidogo sana, linazuia matope na bakteria. Hilo linafaa maji ya Ewaso Ng'iro. Lakini chumvi iliyoyeyuka inapita tu. Chumvi na floridi zinataka utando mkaza zaidi, na pampu ya kusukuma maji kwa presha kubwa. Na visima vyetu havifanani: hazina ya maji ya chini ya ardhi ya Merti ina maji matamu katikati na ya chumvi pembeni. Kwa hivyo maji yapimwe kwanza, matokeo yabandikwe hadharani. Floridi, kwa mfano, Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Pili, maji yanayobaki yanaenda wapi? Mtambo wa kuondoa chumvi hautoi maji matamu yote yaliyoingia. Sehemu inatoka na chumvi kali kuliko mwanzo. Yakimwagwa ovyo, ni malisho ya mifugo yetu yanayoharibika.

Tatu, nani atalipa baada ya sherehe? Kule Kiunga, Lamu, mtambo wa sola wa kuondoa chumvi ya bahari ulianza kazi 2018. Kwa hivyo teknolojia si ndoto. Lakini popote ulipo, utando unaziba, unaoshwa, na mwishowe unabadilishwa. Utepe hukatwa mara moja tu.

Mtu akikwambia unauliza sana, mkumbushe Katiba ya 2010. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Jedwali la Nne limeipa kaunti kazi ya huduma za maji. Hapo hakuna zawadi, ni deni.

Basi kikao cha umma cha bajeti kikiitishwa, usikae nyumbani ukibishana mtandaoni. Nenda, simama, uliza swali moja: pesa za utando wa mwaka wa tatu ziko ukurasa gani?