Adui Aliyelala Kifuani
(Maneno ya mhudumu wa afya kwa vikundi vya kina mama na vijana baada ya ibada)

Juzi mama mmoja anayetibiwa kifua kikuu aliniuliza, "Mimi nimepona, mbona nimeze dawa tena?" Alikuwa mwezi wa pili. Wacha niwajibu nyote.

Viini vya TB vikiingia mapafuni kwa hewa, askari wa mwili huvimeza. Lakini havifi vyote. Vingine huishi ndani ya askari hao hao. Mwili ukiona hivyo huvizungushia ukuta, askari juu ya askari, kama ua wa miiba kuzunguka boma. Mle ndani hewa na chakula ni haba. Kiini nacho hujirekebisha: hupunguza kazi, hakizaani, kinalala. Mwili umekizoea, nacho kimeuzoea mwili. Ndiyo sababu wengi wanavyo na hawaugui. Kati ya watu 100 walioambukizwa, ni kama 5 hadi 10 tu wataugua maishani.

Lakini ua ukilegea, kwa virusi vya ukimwi, njaa, kisukari au uzee, adui anaamka. Ukuta unaoza katikati na kupasuka, pafu linabaki na shimo. Mgonjwa akikohoa, viini vinatoka nje kutafuta kifua kingine, pengine cha mtoto.

Sasa, dawa huua haraka viini vilivyo macho. Kikohozi kinapungua, mtu anarudi shambani. Vile vilivyolala hufa polepole, na hiyo ndiyo maana ya miezi 6: miwili ya kwanza dawa aina 4, minne inayofuata aina 2. Ukiacha katikati, vilivyobaki vitaamka, na huenda vikawa vimeizoea dawa. TB sugu ya namna hiyo ni taabu kuitibu.

Yule mama nilimwambia: ukikata magugu juu ukaacha mizizi, umepalilia? Alicheka, akameza.

Basi, kila kikundi kichague mtu wa kumtembelea mgonjwa na kumwona akimeza. Dawa ni bure katika vituo vya serikali, lakini nauli si bure. Mfuko wa kikundi usaidie. Na mwenye kikohozi kisichoisha, anayekonda au kutokwa na jasho usiku, aende apimwe makohozi. Tusimcheke wala kumtenga.