Kipimo cha Haraka Langoni kwa Wazee



Korona ilipotangazwa Kenya mnamo 13 Machi 2020, Rongai yetu ikawa midomoni mwa kila mtu. Nyumba za wazee zikafunga malango. Sisi tunaowatembelea tulimwona mama mmoja akipungiwa mkono na bintiye dirishani, akatuuliza, "Kwani nimemkosea nini?"

Baadaye kikaja kipimo cha haraka. Unaingiziwa kijiti cha pamba puani, na majibu ni dakika 15 hadi 30, hakuna kungoja maabara. Uingereza walianza kupima wageni hivyo mwishoni mwa 2020.

Lakini tusidanganyane. Kipimo hiki hukamata virusi vikiwa vingi. Siku za mwanzo kinaweza kusema huna, kumbe unavyo. Anayekohoa arudi nyumbani tu, hata majibu yakiwa mazuri.

Vikundi vinavyotaka kufungua nyumba ya wazee, sikizeni: ugonjwa ukizuka msipime wageni peke yao. Mpishi na mfagiaji huingia kila siku. Na akipatikana mgonjwa, msimkate mshahara. Mkimkata, safari ijayo ataficha homa, aje kumlisha mzee uji.