Saa Moja ya Ndege ni Saa Ngapi?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Nanganga)



Twasikia mara nyingi ya kuwa toka Mtwara hata Dar es Salaam ni safari ya saa moja. Neno hilo ni kweli kwa ndege peke yake, maana hewani ni kilomita 400 hivi, wala ndege haizungukii mto wala bonde. Lakini sisi tukaao Nanganga hatulali kiwanjani. Yatupasa kwanza kwenda zaidi ya kilomita 100 kwa gari hata Mtwara, tena kufika mapema, kupimiwa mizigo na kungoja. Tukijumlisha yote, saa ile moja imekuwa nusu ya siku au zaidi.

Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 500. Lakini njia hiyo siyo ile ya zamani. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na masika yakizidi, watu wa kusini walikatwa na Dar es Salaam.

Basi, mwenzetu aitwapo kwa mgonjwa aliye Muhimbili, na ahesabu toka mlangoni pake hata kitandani pa mgonjwa. Pengine basi la alfajiri lipitalo hapa litamfikisha siku ile ile kwa nauli ndogo, na fedha iliyosalia ikanunue dawa. Nasi tuandikao likizo za wenzetu, tusisahau siku za njia. Mwendo hupimwa kwa saa za msafiri, si kwa saa za ndege.