Msitu Mmoja, Nyumba Mbili: Mkomani na Vijiji vya Wavuvi wa Lamu



Nyumba za kale za Lamu zikitajwa, fikra zetu hukimbilia Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe mjini Lamu: kuta nene za mawe ya matumbawe, daka mlangoni, kiwanda kilicho wazi juu, misana (kumbi ndefu) miwili inayofuatana, kisha chumba cha ndani, penye zidaka (vishubaka) za chokaa ukuta mzima. Nyingi zilizosalia ni za karne ya 18. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza Mji wa Kale katika Urithi wa Dunia, na ulistahili. Leo naomba tuzitazame pia nyumba za wavuvi na waunda vyombo, kule vijijini Matondoni na Kipungani.

Chumba cha nyumba ya mawe ni kirefu, lakini upana wake haufiki mita 3. Sababu ni boriti. Dari ya mawe na chokaa ni nzito, na boriti ya mkoko ikizidi urefu huo hupinda. Tajiri aliweza kuongeza urefu wa msana atakavyo. Upana alipangiwa na mkoko. Majahazi yalibeba boriti hizihizi hadi Uarabuni, na huko nako zikapima vyumba vya watu, hadi Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982.

Nyumba ya mvuvi imetoka msitu uleule wa mikoko. Wakata mikoko huipanga miti kwa unene, na kila unene una jina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Nguzo huchimbiwa ardhini. Fito hufungwa kwa kamba, nyingine zimelala, nyingine zimesimama, mpaka ukuta uwe kama wavu. Ndipo watu hukandika udongo. Juu, pau hupokea makuti. Mvuvi akienda dago, kuvua kwa miezi mbali na kwao, hujijengea kibanda kwa ujuzi huohuo.

Makuti huchakaa baada ya miaka michache, udongo nao hukandikwa tena. Kwa hiyo nyumba hii inaweza kuwa mpya mwaka huu na bado ikawa ya kale sana, maana kilichorithiwa humo ni kazi ya mikono. Hapo ndipo hifadhi yetu inapokwama, kwa kuwa tumezoea kulinda ukuta uliokwisha kusimama. Simlaumu mvuvi anayeezeka bati: makuti hushika moto upesi, na kuyabadilisha ni gharama. Lakini bati likishaenea, kijana wa kijiji hatajua kufunga fito, na hakuna jumba la makumbusho litakalomrudishia ujuzi huo.

Nyumba za Mkomani zimepimwa na kuchorwa chumba kwa chumba. Naiomba semina hii iazimie kazi hiyohiyo kwa nyumba za wavuvi: tuzipime, tuandike kila jina la kila mti na kila fundo, na tukae na mafundi wazee wakiwa bado wanapanda paani.