Paroko Mpya: Mafunzo Kutoka Kijiji cha Ars



Habari ikitoka kwa Askofu ya kwamba paroko anahamishwa na mwingine anakuja, watu wa parokia husema mengi. Wazee huuliza kama huyu mpya ataziacha desturi zao zilivyo. Vijana hutumaini ya kwamba atazigeuza zote. Naye padre mwenyewe, huko aliko, hufunga vitabu vyake sandukuni akijiuliza atakuta watu wa namna gani. Kwa hiyo twaona vema leo tuzungumze juu ya padre aingiaye parokia mpya: aanze na lipi, atazame mbele kwa jicho gani, nao watu wampokeeje. Tumechagua mfano mmoja wa zamani, kwa kuwa habari zake zajulikana tangu siku ya kwanza hata ya mwisho.

Huyo ni Padre Jean-Marie Vianney, Mfaransa, aliyezaliwa mwaka 1786 katika kijiji cha Dardilly, karibu na mji wa Lyon. Wazazi wake walikuwa wakulima. Masomo yalimlemea sana, hasa Kilatini, na lau si Padre Balley, paroko wa Écully, aliyemfundisha kwa uvumilivu, asingalifika altareni. Alipewa upadre mwaka 1815, akawa msaidizi wa mwalimu wake huyo. Padre Balley alipofariki mwishoni mwa mwaka 1817, Vianney akapelekwa Ars, naye akafika huko kwa miguu tarehe 9 Februari, 1818.

Ars kilikuwa kijiji cha watu 230 hivi. Hakikuwa hata parokia kamili, bali kigango tu, hata kilipofanywa parokia mwaka 1821. Katika miaka ya Mapinduzi yaliyoanza mwaka 1789, mapadre walifukuzwa na kanisa likanyang'anywa vyombo vyake, na watoto wengi wakakua pasipo mafundisho. Jumapili watu walikwenda shambani, na jioni walijaa katika vilabu vinne vya mvinyo. Hawakuwa watu wabaya kupita wenzao. Walikuwa watu walioachwa peke yao kwa muda mrefu.

Basi padre huyu alianza na lipi? Kwanza aliitazama nyumba yake. Aliikuta imepambwa kwa vyombo vizuri vilivyotoka kwa bibi mwenye jumba kubwa la kijiji. Akavirudisha, akajibakizia vichache tu vya kumtosha. Watu wakaona ya kwamba nyumba ya padre haikuwa ya kitajiri kuliko zao. Pili, alitoka akaenda nyumba kwa nyumba. Mara nyingi alikwenda saa za chakula cha mchana, maana ndipo watu waliporudi kutoka mashambani, akawauliza habari za watoto na za mavuno. Tatu, aliwakusanya watoto asubuhi na mapema kuwafundisha katekisimu, kabla hawajakwenda kazini, kwani watoto wa huko walitumwa kazi wangali wadogo.

Sisi tulio walimu twaijua maana ya jambo hilo. Mwalimu mgeni akiingia darasani, akaanza kuandika ubaoni kabla hajajua nani ameelewa somo la jana na nani hakuelewa, anaufundisha ubao. Ndivyo ilivyo kwa paroko. Akijenga kabla ya kuwajua watu, huenda akamaliza ukuta mzuri na asipate wa kuingia ndani.

Lakini msidhani ya kwamba mambo yalikwenda laini. Padre Vianney alipiga vita ulevi, kazi za Jumapili, na michezo ya dansi, tena kwa maneno makali. Wengine waliochezacheza aliwanyima maondoleo katika kitubio kwa muda mrefu, jambo ambalo mapadre wengi leo wasingelifanya, naye mwenyewe katika uzee wake alilegea akawa mpole zaidi. Wako waliomchukia na kumsingizia maovu. Hata hivyo mwaka 1820, alipoamriwa kuhamia parokia nyingine, watu wa Ars walituma wajumbe Lyon kumwomba mkubwa wake amrudishe, wakakubaliwa. Miaka miwili ya kutembelewa majumbani ilikuwa imefanya kazi yake.

Sasa tuangalie jinsi alivyotazama mbele, maana hapo ndipo penye fundisho kubwa. Aliona ya kwamba wasichana wa Ars hawakuwa na shule. Hakukimbilia kupiga matofali. Mwaka 1823 aliwachagua wanawake wawili vijana wa kijiji hicho hicho, Catherine Lassagne na Benoîte Lardet, akawapeleka kwa masista wa Fareins wakafundishwe ualimu. Waliporudi, ndipo mwaka 1824 shule ikafunguliwa, isiyodai karo, na baadaye ikawa pia makao ya yatima. Tazameni utaratibu huo: kwanza mwalimu, halafu nyumba. Tena mwalimu huyo ni mtoto wa pale pale, ambaye padre hata akiondoka, yeye atabaki.

Kwa maoni yetu, hiki ndicho kipimo cha paroko mpya. Tusimpime kwa majengo aliyoyaanza katika mwaka wa kwanza, bali tuulize ni watu wangapi wamefunzwa kwa mkono wake, watakaoweza kuendesha kazi siku atakapohamishwa. Makatekista, walimu wa dini, wenyeviti wa jumuiya, watunza hesabu, hao ndio urithi anaomwachia mwenzake ajaye nyuma yake.

Iko habari nyingine katika maisha ya padre huyu, nayo ni nzito. Sifa yake ilipoenea, makumi ya maelfu ya wageni walifika Ars kila mwaka wakitaka kuungama kwake. Alikaa katika kiti cha kitubio saa nyingi za mchana na usiku, akilala kidogo na kula kidogo. Mwaka 1843, baada ya kuugua karibu kufa, alitoroka usiku akarudi kwao Dardilly. Watu wakamfuata, naye akarejea Ars. Mwaka 1853 alijaribu tena kuondoka, watu wakamzuia. Alifariki tarehe 4 Agosti, 1859, baada ya kukaa pale miaka 41. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1929 likamfanya msimamizi wa maparoko wa dunia yote. Lakini utakatifu wake usitufiche jambo hili: alichoka mno. Watu walimpenda, wakamtwika yote. Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Ndiyo sababu twafurahi kuona ya kwamba sheria ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1983 haimwachi paroko peke yake. Yamwagiza awajue waumini wake na kuzitembelea familia, awatafute maskini, wagonjwa, na wenye huzuni. Lakini yaagiza pia ya kwamba kila parokia iwe na kamati ya fedha ya kumsaidia kutunza mali, na Askofu akiona yafaa, pawe na halmashauri ya kushauriana juu ya kazi za parokia. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki jambo hili si geni. Joseph Kiwanuka, Mganda wa kwanza kuwa askofu, aliyeshika uongozi wa Masaka mwaka 1939, alianzisha huko halmashauri za parokia zilizochaguliwa na waumini wenyewe. Na mwaka 1976 maaskofu wa pande hizi, wakikutana Nairobi, walikaza shauri la kujenga parokia juu ya jumuiya ndogo ndogo, ambamo majirani husali pamoja na kusaidiana.

Basi, kwenu ninyi mnaongojea paroko mpya, twawapeni maneno machache. Msimpokee kwa kumlinganisha na yule aliyeondoka, wala msimpokee kama mgeni wa kukirimiwa tu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nanyi mshike la kwenu mlime pamoja naye. Mwonyesheni njia za vitongojini, nyumba za wagonjwa, na wale walioacha kuja kanisani. Mwambieni kweli ya hesabu, ikiwa nzuri au mbaya. Na jioni akichoka, mwacheni apumzike.

Nawe padre uliye safarini na sanduku lako, mwaka wa kwanza tembea. Anzia kwenye nyumba iliyo mbali kuliko zote, maana wale wa karibu watakuja wenyewe. Kisha chagua wawili, uwapeleke wakafunzwe.