Ugomvi wa ekipe unaanzia wapi
(Maneno yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka)



Nitaongea juu ya matofali. Kila kiangazi tunafyatua matofali ya nyumba za waliorudi, na kila kiangazi kuna ekipe inayovunjika. Watu wanasema, "Waligombania pesa." Hapana. Pesa inakuja mwisho kabisa.

Angalieni namna inavyokwenda. Ekipe ina watu kumi. Wengine wametoka Lugufu ama Nyarugusu. Wengine hawakuvuka ziwa, vita viliwakuta hapa hapa Fizi. Aliyekaa kambini amezoea kadi na orodha: jina lisipokuwepo, hupati unga. Basi siku ya pili anatoa daftari, anaandika nani kachota maji, nani kakanyaga udongo. Hana ubaya. Lakini mwenzake aliyebaki anajiuliza, "Huyu ananiandika kwa nini? Mimi mwizi?" Wakati wa vita, jina lako kuandikwa halikuwa jambo la heri. Anaumia, ananyamaza.

Wiki inayofuata anachelewa. Mwenye daftari hamuulizi, anaandika tu. Jioni kila mmoja anamwambia mke wake, shemeji yake, watu wa kanisa lake. Sasa si watu wawili tena. Tunasikia: "Ninyi wakimbizi mulikula bure kule!" "Na ninyi mulikula mashamba yetu!" Eeh, mashamba! Tofali limesahaulika. Hapo hata muzee mwenye hekima atachoka, maana analetewa kesi ya mwaka 1996, si ya ndoo ya maji.

Na mvua ya mwezi wa tisa haingoji. Tofali bichi lisipochomwa linarudi kuwa matope, na mjane aliyengojea nyumba anaendelea kulala kwa watu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Daftari lisomwe kwa sauti kila Jumamosi, pale pale penye udongo, na aliyeandikwa ajibu. Kalamu nayo izunguke: wiki hii aliyerudi, wiki ijayo aliyebaki. Wafadhili wetu, mulitupa majembe na vibao vya kufyatulia, aksanti sana. Mutuhesabie na ile nusu siku ya Jumamosi kuwa kazi, maana kwenye ripoti inaonekana kama watu wamekaa bure.

Ekipe za kwanza zinaingia udongoni mwezi wa sita. Mwenye swali, nipo hapa mpaka saa kumi.