Uchovu Sugu na Virusi Vilivyozaliwa Maabara



Tumeombwa tuseme machache kuhusu ugonjwa wa uchovu sugu, na hasa ile habari kwamba unaletwa na virusi. Huu si uvivu, wala si uchovu wa jembe unaoisha kwa usingizi wa usiku mmoja. Mgonjwa huishiwa nguvu kwa miezi sita au zaidi, huamka amechoka vilevile, na akijikaza kufanya kazi ndogo tu hali humzidia kesho yake. Wengi huanza kuugua baada ya maambukizi fulani, ndiyo maana wataalamu wakatafuta virusi.

Oktoba 2009 watafiti wa taasisi moja mjini Reno, Marekani, waliandika katika jarida la Science kwamba wamekuta virusi viitwavyo XMRV kwa wagonjwa 68 kati ya 101, na kwa watu wenye afya 8 tu kati ya 218. Watu walioambiwa miaka mingi kwamba wanajisingizia sasa walikuwa na jibu. Wapo waliolipia vipimo, na wapo walioanza kumeza dawa za VVU, ambazo sisi huku tunaujua uzito wake.

Lakini mapema 2010 watafiti wa Uingereza walipima wagonjwa 186 wasione kitu. Baadaye chanzo kikajulikana. Miaka ya 1990, saratani ya tezi dume ya binadamu ilipokuzwa ndani ya panya wa maabara, virusi viwili vya panya viliungana vikawa XMRV, na kutoka hapo vikachafua sampuli. Science ikaifuta makala ile Desemba 2011.

Mwaka 2012 Ian Lipkin wa Chuo Kikuu cha Columbia aliwakutanisha waliodai na waliopinga. Wakapima upya damu ya wagonjwa 147 na ya watu wazima wa afya 146, chupa zikiwa na namba tu. Tofauti haikuonekana. Judy Mikovits, aliyeongoza utafiti wa kwanza, aliyakubali matokeo hayo hadharani. Kwa maoni yetu, hata miradi yetu ingefaa kukaguliwa hivyo, mwenye dai na mwenye mashaka meza moja.

Wagonjwa wamebaki palepale. Hadi leo hakuna kipimo cha maabara cha kuuthibitisha ugonjwa huu, na baada ya UVIKO-19 wengine wamepatwa na hali inayofanana nao. Tunaomba kamati zisimwondoe mtu kwenye orodha ya wagonjwa wa kutembelewa kwa sababu tu majibu ya hospitali hayakuonyesha kitu.